Mkono Unaokua Ukubwani: Akromegali Si Matende

Mtwara na Lindi, mtu akivimba mguu, ugonjwa huwa umeshapewa jina kabla hajafika hospitali: matende. Haishangazi. Pwani hii imeishi na matende na mabusha vizazi na vizazi, kingatiba zimegawiwa mitaani miaka nenda rudi, na ni nadra kukuta ukoo usio na mzee aliyewahi kupasuliwa busha. Tabu inaanza pale jina hilo moja linapobebeshwa kila kiungo kilichoongezeka ukubwa. Mtu wa miaka arobaini na kitu, viatu vyote vimembana, pete haitoki kidoleni, taya limesogea mbele, sauti imekuwa nzito: naye ataambiwa ana matende. Asipoambiwa hivyo, ataambiwa katupiwa kitu. Na picha ya mtu wa namna hiyo ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, maelezo ya tatu hayakosekani: hao kuku wa kisasa, wamejaa homoni.

Ugonjwa wenyewe unaitwa akromegali. Ni hali ya mtu mzima, aliyekwisha kukoma kurefuka, kupata homoni ya ukuaji kupita kiasi kwa miaka mingi, hadi mikono, miguu, uso na hata viungo vya ndani vinaanza kukua upya. Daktari Mfaransa, Pierre Marie, ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1886. Ni ugonjwa wa nadra kweli. Makadirio yanayotumika sana duniani ni wagonjwa 60 hivi kwa kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 iliihesabia Mtwara na Lindi kwa pamoja watu zaidi ya milioni 2.8. Ukipiga hesabu ya karatasi tu, mikoa hii miwili ingekuwa na wagonjwa kama 170, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu. Hawa hawajahesabiwa na yeyote, ni hesabu tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba si ugonjwa wa Ulaya peke yake, na kwamba mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi mpaka astaafu bila kumwona hata mmoja, au akamwona asimtambue.

Tuanze na homoni. Hiyo ni kemikali inayotengenezwa na tezi fulani mwilini, ikaingia kwenye damu na kwenda kutoa amri mahali pengine. Homoni ya ukuaji inatoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa. Tezi yenyewe ina uzito wa nusu gramu hivi. Watu wengi wanadhani homoni hii ni ya watoto tu. La. Hata mtu mzima anaihitaji, kwa misuli, kwa mifupa, kwa namna mwili unavyotumia mafuta na sukari, ila kwa kiasi kidogo. Hutoka kwa vipindi, na nyingi hutoka usiku mtu akiwa kwenye usingizi mzito. Ikifika kwenye ini, ini nalo linatengeneza kemikali ya pili, IGF-1, na hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukuza.

Mwili unajuaje kwamba sasa inatosha? Fikiria simtanki la nyumbani lenye boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo. Tenki likijaa, boya linafunga koki. Maji yakitumika, boya linashuka, koki inafunguka. IGF-1 ikizidi kwenye damu, pituitari inapata taarifa na inapunguza homoni. Sasa, karibu wagonjwa wote wa akromegali, zaidi ya 95 katika kila 100, wana kivimbe kwenye pituitari, na seli za kivimbe hicho hazisikii taarifa hiyo. Boya limekatika. Maji yanamwagika usiku na mchana, na mwenye nyumba hajui kwa sababu yanamwagika polepole mno.

Kivimbe hicho kwa kawaida si saratani. Hakisambai kwenda mapafuni wala kwenye mifupa. Madhara yake ni mawili: homoni kinayoimwaga, na nafasi kinayoichukua pale kilipo.

Hapa ndipo watu wanapochanganya akromegali na ujitu, yaani ule urefu wa kupita kiasi. Chanzo kinaweza kuwa kilekile, tofauti ni umri. Mtoto ana sehemu laini za gegedu karibu na ncha za mifupa yake mirefu, na hapo ndipo mifupa inaporefukia. Homoni ikizidi wakati sehemu hizo bado ziko wazi, mtu anarefuka bila kikomo. Robert Wadlow wa Marekani alifika mita 2.72 na akafariki 1940 akiwa na miaka 22. Sultan Kösen wa Uturuki ana mita 2.51. Lakini mwishoni mwa ujana sehemu hizo zinafunga. Homoni ikizidi baada ya hapo, mtu harefuki hata nusu sentimita. Mifupa inanenepa na nyama laini zinajaa. Kwa hiyo usisubiri kuona jitu. Mgonjwa wa akromegali anaweza kuwa mfupi kuliko wewe.

Kwa wapenzi wa mieleka, na vibanda vya video vya Mtwara mjini viliwalea wengi, André the Giant alikuwa na vyote viwili: ugonjwa ulimwanza mapema, akarefuka, kisha ukaendelea ukubwani. Alifariki Januari 1993 akiwa na miaka 46, kwa moyo. Big Show na The Great Khali nao waliwahi kufanyiwa upasuaji wa kivimbe cha pituitari. Nawataja kwa sababu moja. Tunapowatazama jukwaani tunaona nguvu, tunadhani ugonjwa huu unampa mtu nguvu za ajabu. Kwa kweli misuli ya mgonjwa inaonekana imejaa lakini ni dhaifu, anachoka haraka, na magoti na mgongo vinamuuma kama mzee wa miaka themanini.

Dalili zake ukizitazama moja moja hazina maana yoyote, na hapo ndipo penye ujanja wa ugonjwa huu. Kiatu namba 41 kinakuwa 42, baada ya miaka miwili 44. Nani anakwenda hospitali kwa sababu ya kiatu? Pete ya ndoa inabana. Inajaribiwa sabuni ya mche, haitoki. Inajaribiwa kuzungushiwa uzi, haitoki. Mwisho sonara anaikata kwa msumeno wake mdogo, na mwenye kidole anacheka kwamba ndoa imemnenepesha. Meno ya chini yanaachana, mwanya unatokea pasipokuwa na mwanya. Ulimi unakua, maneno yanakuwa mazito mdomoni. Pua inatanuka, midomo inajaa, mfupa wa juu ya nyusi unajitokeza. Jasho linatoka jingi hata kwenye kipupwe, na ngozi inakuwa nene yenye mafuta. Usiku anakoroma mpaka watoto wanahama chumba, na katikati ya kukoroma pumzi inakatika kwa muda, kisha inarudi kwa kishindo. Vidole vinakufa ganzi alfajiri. Kichwa kinauma.

Kisha yanakuja yale ambayo hospitali zetu zinayajua vizuri, lakini kila moja kwa dirisha lake. Sukari inapanda, anapelekwa kliniki ya kisukari. Presha inapanda, anapewa dawa za presha. Magoti yanauma, anameza diklofenaki kutoka duka la dawa. Meno anakwenda kwa daktari wa meno. Macho kwa wa macho. Kila dirisha linamhudumia kwa haki kabisa, na hakuna hata moja linalomtazama mtu mzima kuanzia kichwani hadi kidole gumba cha mguu. Ndiyo maana duniani kote, hata kwenye nchi zenye vipimo vyote, mara nyingi hupita miaka mitano mpaka kumi tangu dalili ya kwanza hadi ugonjwa kutajwa jina. Sidhani kama tatizo kubwa ni mashine. Tatizo ni kwamba uso unabadilika kidogo kidogo mbele ya watu wanaouona kila siku. Mke haoni. Watoto hawaoni. Anayeona ni ndugu aliyekaa Dar es Salaam miaka sita, akaja msimu wa korosho, akashtuka: “Mjomba, mbona umebadilika hivi?” Akajibiwa kwamba uzee huo, mwanangu.

Wanawake ugonjwa huu unawatesa kwa namna ya ziada. Hedhi inavurugika au inakoma kabla ya wakati, wengine wanatoka maziwa wakati hawanyonyeshi, sauti inashuka, taya linapanuka. Mtaani mama wa namna hiyo hasemwi kwamba anaumwa. Anasemwa. Anaacha kwenda kwenye shughuli, anaacha kupiga picha, na mtandio unashuka mpaka karibu na macho. Mtu wa hali hiyo hata ukimwambia aende hospitali, atakwambia hana ugonjwa, ana sura mbaya tu.

Turudi kwenye matende, maana ndiyo yanayotuchanganya zaidi huku kwetu. Matende yanaletwa na minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Minyoo hiyo inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu, na kuiharibu. Maji yakikosa njia, mguu unajaa. Mara nyingi ni mguu mmoja, au mmoja umezidi mwenzake waziwazi. Kwa wanaume huwa ni busha. Kuna vipindi vya homa na maumivu, mitoki kinenani, na ngozi inakuwa ngumu yenye mikunjo. Uso hauguswi. Taya haliguswi. Akromegali haichagui upande: mikono yote miwili, nyayo zote mbili, na uso juu yake, bila homa na bila vidonda. Ukitaka kuvitofautisha kwa jicho tu, usitazame mguu, tazama viganja na uso. Ila jicho halitoshi, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, kwani kivimbe cha kichwani hakimzuii mbu kuuma.

Kipimo cha matende nacho hakiwezi kuonyesha akromegali. Hapo zamani damu yake ilichukuliwa usiku, kwa sababu vijidudu vya minyoo hiyo huingia kwenye damu ya juu juu nyakati za usiku; siku hizi kuna vipimo vya haraka vya mchana. Vyote vinatafuta minyoo. Mtu akipimwa, akakutwa hana, asirudi nyumbani na neno “huna tatizo”. Hana minyoo, basi.

Na hao kuku? Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiila, tumbo linaivunjavunja kama linavyovunja protini ya samaki au kunde, haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Ndiyo maana hata wagonjwa wanaoihitaji kama dawa hawapewi kidonge, wanachomwa sindano. Kuku wa kisasa anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula chake. Unaweza kuwa na sababu zako za kumpenda kuku wa kienyeji, na mimi ninazo, lakini akromegali si mojawapo. Wanaopaswa kuogopa ni wale wanaojidunga homoni ya ukuaji ili wajaze misuli; wakizidisha kwa muda mrefu wanaweza kujiletea dalili hizihizi bila kivimbe chochote.

Akromegali haiambukizi, kwa kula sahani moja, kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa damu. Kurithi kupo lakini ni kwa familia chache sana. Wengi wa wagonjwa hawana ndugu mwingine mwenye ugonjwa huu. Kuhusu kutupiwa, nasema hili tu: aliye na imani yake akamwone anayemwamini, lakini kila mwaka anaoutumia kuzunguka ni mwaka ambao moyo unaendelea kutanuka. Asiyetibiwa ana hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tatu ya mtu wa kawaida, na kinachomuua mara nyingi ni moyo, kisukari au pumzi. Aliyetibiwa homoni ikashuka anaweza kuishi umri wa wenzake.

Kuna dalili moja isiyotakiwa kusubiri kikao cha ukoo. Juu kidogo ya pituitari inapita njia panda ya mishipa ya fahamu inayotoka machoni. Kivimbe kikipanda kinaibana, na mtu anapoteza uoni wa pembeni, kulia na kushoto kwa pamoja, huku mbele akiona sawasawa. Kwenye kipimo cha kusoma herufi ukutani anaweza kufaulu. Ila anagonga miimo ya milango, na bodaboda anayetokea pembeni hamwoni mpaka amfikie. Mwenye viganja vilivyokua akianza hayo, aende hospitali wiki hiyohiyo.

Vipimo vyenyewe si vigumu kuvielewa. Kupima homoni ya ukuaji mara moja tu, asubuhi moja, hakusaidii sana, kwa kuwa hutoka kwa vipindi: unaweza kuikuta juu kwa mtu mzima wa afya, au ukaikuta ya wastani kwa mgonjwa. Ndiyo maana huanza kupimwa IGF-1, ambayo haipandi na kushuka ovyo kutwa. Majibu yake husomwa kulingana na umri. Ikikutwa juu, linafuata jaribio la sukari: mtu anakuja hajala, ananyweshwa gramu 75 za glukosi, kisha damu inachukuliwa mara kadhaa kwa saa mbili. Kwa mtu wa kawaida sukari hiyo inaishusha homoni ya ukuaji mpaka chini ya maikrogramu moja kwa lita. Kwa mgonjwa haishuki, na pengine inapanda. Hapo tenki limejazwa makusudi ili ijulikane kama boya linafanya kazi au la. Mwisho ni picha ya MRI ya pituitari, ili kivimbe kionekane na kipimwe. Chini ya milimita 10 kinahesabiwa kidogo, kuanzia hapo ni kikubwa.

Kwa mtu wa Tandahimba au Liwale, safari hiyo inaanzia zahanati au hospitali ya wilaya, ikapita hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, ikafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Upasuaji wa kivimbe chenyewe ni kazi ya madaktari bingwa wa ubongo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo yenye jina katika fani hiyo nchini. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na aliyekwama Somanga barabara ilipokatwa na mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024, anajua kilomita hizo zinaweza kuwa ndefu kiasi gani. Kwa hiyo ni vizuri kwenda na vitu viwili mkononi tangu dirisha la kwanza. Cha kwanza ni picha za zamani: ya harusi, ya kitambulisho, ya kumaliza shule, zipangwe kwa miaka. Madaktari wa homoni duniani kote huziomba, kwa kuwa zinaonyesha kile ambacho familia haikukiona. Cha pili ni orodha ya magonjwa yote anayotibiwa kwenye madirisha tofauti, iandikwe kwenye karatasi moja. Daktari akiona kisukari, presha, kukoroma, ganzi ya vidole na viatu vilivyobadilika namba mara mbili kwenye ukurasa mmoja, kuna uwezekano mkubwa swali sahihi litaulizwa.

Upasuaji wake unawatisha watu kwa sababu wanadhani fuvu litafunguliwa. Kwa wengi halifunguliwi. Daktari anapitia puani, anatoboa mfupa mwembamba ulio nyuma ya pua na kukitoa kivimbe kwa huko. Vivimbe vidogo, mikononi mwa aliyezoea, huondoka na ugonjwa ukaisha kwa wagonjwa 80 hivi hadi 90 katika 100. Vikubwa ni kama nusu tu, kwa kuwa vingine vimeshajipenyeza mahali kisu hakifiki, na hapa tena kuchelewa kunalipiwa. Waliobakiwa na homoni nyingi hupewa dawa. Zipo sindano za kila mwezi, oktriotaidi au lanriotaidi, zinazokizuia kivimbe kumwaga homoni. Vipo vidonge vya kabagolini, vinavyowafaa baadhi, hasa ambao homoni zao hazijapanda sana. Ipo sindano ya kila siku, pegivisomanti, ambayo haikigusi kivimbe bali inaizuia homoni isifanye kazi mwilini. Mionzi nayo ipo, ila inachukua miaka kuonyesha matokeo. Sindano hizo ni ghali, ghali ya kuuza shamba la mikorosho, na mwenye bima aulize mapema kabisa kama zimo kwenye kifurushi chake kabla hajapanga chochote.

Wanaouguza hupenda kuuliza kama sura ya zamani itarudi. Nusu nusu. Maji na nyama laini hupungua haraka: jasho linakauka, uso unapungua kujaa, ganzi inaachia, kukoroma kunapungua, na wapo wanaoweza kuvaa tena pete wiki chache baada ya upasuaji. Sukari na presha mara nyingi hushuka, wakati mwingine mpaka dawa zinapunguzwa. Mfupa uliokwisha kunenepa haurudi. Taya litabaki lilipo, na kiatu kitabaki namba 44. Magoti yaliyolika yataendelea kuuma. Baada ya miezi mitatu hivi IGF-1 inapimwa tena kuona kama upasuaji umefanikiwa, na kuanzia hapo inapimwa kila mwaka hata kama mtu anajisikia mzima, kwa kuwa kivimbe kinaweza kuota upya. Utumbo mpana nao huchunguzwa kwa kamera, maana wagonjwa hawa huota vinyama huko kuliko watu wengine, na vingine vikiachwa hugeuka saratani. Hayo ya utumbo ndiyo ambayo hata waliotibiwa vizuri huwa hawaambiwi, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa wodini daktari aulizwe yatafanyika lini na wapi.